Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu madikteta wa zamani (nayajibu yote hapa nipumzike)

Hapa Lamu, pale Mkunguni mbele ya ngome, kuna wazee hucheza bao kila baada ya alasiri. Ikitajwa bei ya unga tu lazima mmoja aseme "enzi za Moi haya hayakuwako", na hapo basi, kete zinaachwa, kahawa inapoa, watu wanabishana mpaka adhana ya magharibi. Mimi kosa langu ni kuwa nlisoma historia kidogo kwa hivo kila mmoja hunigeukia mimi, "ebu mwambie huyu". Nimechoka kusema yale yale. Nayaandika mara moja, ukiniuliza tena ntakwambia nenda kasome.

Dikteta ni nani kwanza? Manake kila mtu humwita dikteta yule asiyempenda.

Kweli kabisa. Kipimo changu ni rahisi: ungeweza kumtoa kwa kura? Na ungeweza kumsema barazani kisha ukalala kwako usiku huo? Kama yote mawili jibu ni la, basi huyo ndiye.

Kuna wasiotaka Moi awekwe fungu moja na Idi Amin na hapo sibishani, Amin waliouawa katika miaka yake minane (1971 hadi 1979) hukadiriwa kufika 300,000 na wapo wanaosema zaidi. Mizani haiko sawa. Lakini 1982 Bunge letu lilipitisha kuwa Kenya ni ya chama kimoja kisheria, na 1988 ikaja ile kura ya mlolongo, unajipanga juani nyuma ya mgombea wako, macho yote yanaona nani ana watu, halafu mwenye mlolongo mfupi anatangazwa kashinda na ukiuliza utakiona. Mimi huo nauita udikteta. Wewe ukiwa na jina jingine la kistaarabu litumie.

Mbona basi wazee wanasema enzi za Moi zilikuwa tamu?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi.

Muulize mamangu kuhusu Moi hatakwambia siasa. Atakwambia maziwa. Maziwa ya Nyayo, pakiti za pembetatu, huku kisiwani yalishushwa kwa boti yakafika yashapata moto, mwalimu anawapanga foleni, unakata ncha kwa meno na unafyonza, na pakiti tupu ukiikanyaga inapasuka kama baruti. Mamangu akilisimulia hilo hucheka mpaka machozi. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu Katiba kifungu cha 2A, kile cha chama kimoja?

Na sio uongo wake, maziwa aliyanywa kweli. Shida ni hii: maziwa yalifika kila skuli, mateso yaliwafika wachache. Mtaani kwetu hakuna hata mmoja aliyelazwa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, lile jengo la Nairobi walikoteswa watu, kwa hivo mtaani kwetu Nyayo House haikuwako. Ukienda nyumba ambayo baba alichukuliwa 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga Moi, akarudi hawezi kusikia vizuri, huko hakuna anayetaja maziwa. Lakini nyumba hizo ni chache na watu wake hawapendi kuongea, na barazani hushinda mwenye sauti.

Halafu kuna la pili. Tarehe 30 Desemba 2002 Moi alipokuwa anamkabidhi Kibaki pale Uhuru Park watu walimrushia matope, wakamzomea mbele ya wageni kutoka nchi za nje. Februari 2020 alipofariki, foleni za kumuaga zilikuwa ndefu, akazikwa Kabarak kwa heshima zote za kijeshi, redio zikamlilia wiki nzima. Sasa niambieni, baina ya 2002 na 2020 yule mzee alifanya jema gani jipya? Alikuwa amekaa kwake tu. Waliobadilika ni sisi. Tulipigana wenyewe kwa wenyewe 2007, tukaona wizi wa mabilioni chini ya watu tuliowachagua kwa kura zetu, bei zikapanda, na kila tukikasirika na aliyeko tunampunguzia dhambi aliyepita. Ndo maana mimi husema dikteta hahukumiwi kwa aliyoyafanya. Huhukumiwa kwa hali ya anayemkumbuka, siku ile anapomkumbuka.

Na wazee hao hao ukiwauliza kuhusu IPK, kile chama cha Waislamu kilichonyimwa usajili 1992 Mombasa ikawaka, au Likoni Agosti 1997 watu zaidi ya mia wakauawa na maelfu wakakimbia, au ardhi za Pwani zilizogawiwa watu ambao hawajui hata bamvua ni nini, ghafla bao linasimama. "Aa, hayo nayo yalikuwako." Eeh. Yalikuwako siku zile zile za maziwa.

Ni sisi tu au wengine nao wana ugonjwa huu?

Wengi tu. Indonesia ilitawaliwa na Suharto zaidi ya miaka 30 mpaka akalazimika kuachia 1998, na alivyoingia ni baada ya mauaji ya 1965 na 1966 ambayo watafiti wengi huyakadiria nusu milioni na zaidi. Baada ya miaka kumi na kitu kupita, malori ya huko yakaanza kupakwa picha yake nyuma, anatabasamu, na maneno ya Kijava ambayo kwa Kiswahili ni kama "Haya, habari zenu? Enzi zangu zilikuwa tamu, ama?" Yani kama vile matatu zetu zinavyochorwa wachezaji mpira! Na Novemba 2025 serikali ikampa rasmi cheo cha shujaa wa taifa. Ngoja usikie hili: siku hiyo hiyo, orodha hiyo hiyo, cheo hicho hicho kikapewa Marsinah, msichana mfanyakazi wa kiwanda aliyedai nyongeza ya mshahara akauawa 1993, enzi za huyo huyo Suharto. Wamewekwa ukurasa mmoja. Mi nliposoma nlirudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Ufilipino Marcos alitolewa 1986 na watu waliojaa barabarani, viatu vya mkewe vikawa kichekesho cha dunia. 2013 nchi ikapitisha sheria ya kuwalipa waathiriwa, majina 11,103 yakakubaliwa. Yani serikali imekiri kwa maandishi na kwa pesa kuwa watu waliteswa. 2022 mtoto wake, jina lile lile la baba, akachaguliwa rais, na kwa kura nyingi sio za wizi. Wengi waliompigia walikuwa hawajazaliwa babake akitawala. Walichokijua ni video fupi fupi za simu zinazosema wakati ule barabara zilijengwa na mchele ulikuwa rahisi.

Kuna dikteta wa Afrika aliyewahi kuhukumiwa akafungwa kweli, ama wote huponyoka?

Yupo. Hissène Habré wa Chad, na hii hadithi naipenda kuisimulia kwa hivo vumilia.

Alitawala 1982 hadi 1990. Alikuwa na polisi wake wa siri, DDS, na jela moja Ndjamena ilikuwa bwawa la kuogelea la enzi za Wafaransa, wakalifunika kwa zege juu wakaligawa vyumba, watu wakawa wanafia ndani kwa joto. Tume ya Chad yenyewe ilikadiria waliouawa 40,000. Alipopinduliwa akakimbilia Senegal, akajenga, akaoa, akawa anaswali msikitini na kutoa sadaka, majirani wanamuona mtu mzuri. Mnajua jinsi mtu akiwa na pesa na kanzu safi anavyosamehewa haraka.

Lakini ndani ya zile jela alikuwamo mhasibu mmoja, Souleymane Guengueng, amefungwa zaidi ya miaka miwili, wenzake wanakufa ubavuni mwake, naye akaapa kuwa akitoka hai atasema. Alipotoka akaanza kuzunguka kwa wenzake anaandika, jina, lini ulichukuliwa, nani alikupiga, nani ulimuona akifa. Akakusanya maelezo ya watu 792. Halafu wale wale waliomtesa wakawa bado wana vyeo serikalini kwa hivo makaratasi akayaficha, miaka inapita. 2001 watetezi wa haki waliingia kwenye ofisi iliyoachwa ya DDS wakakuta sakafuni maelfu ya karatasi zimetupwa, vumbi tupu, na ndani yake majina ya wafungwa na ripoti alizokuwa akipelekewa rais. Madikteta hawa bwana, wanaua kisha wanaweka faili.

Kesi ilivutwa huku na huku, Senegal haitaki, Ubelgiji inamtaka, mpaka mahakama ya kimataifa ya The Hague ikaiambia Senegal 2012 mshitaki ama mtoe. Umoja wa Afrika wakaunda mahakama maalum Dakar. Kesi ilipoanza 2015 alikataa kuingia, akabebwa mzobemzobe. 30 Mei 2016 akapewa kifungo cha maisha, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya nchi moja ya Afrika kumhukumu aliyekuwa rais wa nchi nyingine kwa makosa ya namna ile. Akafa 2021 kwa korona akiwa bado mfungwa.

Miaka zaidi ya 25 tangu apinduliwe hadi hukumu. Na yote yasingekuwako kama yule mhasibu asingeandika.

Na wengine?

Kwa haraka. Bokassa wa Afrika ya Kati, aliyejivika taji la ufalme 1977, alirudi nyumbani mwenyewe 1986 akidhani atapokewa kwa vigelegele, akashtakiwa, akahukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa, akaachiwa 1993. 2010 serikali ikamsafisha jina rasmi. Mengistu wa Ethiopia alikimbilia Zimbabwe 1991, akapatikana na hatia ya mauaji ya kimbari 2006 bila ya yeye kuwako, kisha hukumu ya kifo 2008, Zimbabwe haikumtoa. Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alipigwa risasi 1979 na aliyempindua ni mpwa wake, ambaye mpaka leo yuko kwenye kiti, kwa hivo huko hata hatujafika kwenye "dikteta wa zamani".

Banda wa Malawi ndiye hunichanganya. 1995 alishtakiwa kwa mauaji ya wanasiasa wanne yaliyofanywa 1983 yakaitwa ajali ya gari, korti ikamuachia, ushahidi haukutosha. Akafa 1997. 2006 akajengewa kaburi la marumaru Lilongwe, uwanja wa ndege una jina lake, na siku yake ya kuzaliwa ni sikukuu. Kwa nini? Wamalawi hukwambia kwa sababu waliofuata hawakufanya la maana. Unaona tunarudi pale pale.

Mbona wengi hufia ugenini kwa starehe?

Kwa sababu kila anayetawala hujua na yeye ipo siku atahitaji pa kukimbilia. Amin Jeddah 2003. Mobutu Rabat 1997, kaburi lake liko huko huko Morocco. Siad Barre Lagos 1995, huyo angalau mwili ulirudishwa Somalia. Ben Ali wa Tunisia akafia Saudia 2019 akazikwa Madina, ambako wewe na mimi tunaomba dua tuzikwe hatupati.

Kwani kaburi lina shida gani? Si mtu ashakufa.

Wee! Kaburi ndo kesi ya mwisho.

Wahispania walimzika dikteta wao Franco 1975 ndani ya mlima, kanisa kubwa lililochongwa kwenye mwamba, na waliolijenga ni pamoja na wafungwa wa upande alioushinda. Yani maelfu ya waliouawa vitani wamelazwa mle, wengi hata familia hazikuulizwa, naye katikati ana maua mapya kila siku. Ikachukua miaka 44, sheria, kesi za wajukuu, mpaka 24 Oktoba 2019 wakamfukua wakampeleka kwa helikopta makaburi ya kawaida alikozikwa mkewe.

Marcos aliyekufa Hawaii 1989, familia ilikaa na maiti miaka na miaka nyumbani kwao Batac ndani ya sanduku la kioo lenye ubaridi wakingoja serikali ikubali azikwe makaburi ya mashujaa. 2016 akazikwa huko kimya kimya, watu wakajua baadaye wakaingia barabarani. Haile Selassie aliuawa na Derg, wale wanajeshi wa kina Mengistu, 1975 wakamfukia ndani ya eneo la ikulu, mifupa ikapatikana 1992, na mazishi ya heshima yakaja 2000. Gaddafi aliwekwa kwenye chumba cha baridi Misrata watu wanapanga foleni kupiga picha kisha akazikwa alfajiri jangwani mahali pasipotajwa. Sisi Waislamu hilo lilituuma, haidhuru alikuwa nani, maiti husitiriwa.

Na Wajerumani? Pale Berlin lilipokuwa handaki alilofia Hitler ni pa kuegesha magari. Kibao kimoja cha maelezo, basi. Mi naona ndo jibu bora kuliko yote.

Mbona huku Pwani Saddam na Gaddafi wanasifiwa hivo? Si nao walikuwa madikteta?

Walikuwa. Najua hapa ntatukanwa.

Saddam alinyongwa 30 Desemba 2006, asubuhi ya Idd el-Hajj. Nakumbuka watu wametoka kuswali, nguo mpya, na mtu ana ile video kwenye simu, inapita mkono kwa mkono. Hata waliokuwa hawampendi walikasirika, manake ilionekana ni tusi kwa sikukuu. Tangu siku hiyo huku kwetu Saddam akawa shahidi. Gaddafi naye msikiti mkubwa wa Kampala ni wake, na wa Dodoma ni wake, na alisimama kuwajibu wazungu, na ukiona Libya ilivyokuwa baadaye utasema afadhali.

Haya, lakini Halabja, Machi 1988, watu kama 5,000 waliuawa kwa gesi ya sumu kwa siku moja, wengi wanawake na watoto. Walikuwa Wakurdi, Waislamu, walikuwa wakisema shahada kama mimi na wewe. Jela ya Abu Salim kule Tripoli 1996 wafungwa karibu 1,200, na wengi wao walifungwa kwa ajili ya dini! Ukiwasifu waliowaua kwa sababu eti walimkera Bush, hao waliokufa ni ndugu wa nani?

Na jambo ambalo watu hawalijui: Saddam alinyongwa kwa kesi ya Dujail, watu 148 waliouawa baada ya jaribio la kumuua 1982. Kesi ya Wakurdi ilikuwa bado inaendelea. Wakamnyonga kabla haijaisha, kwa hivo kwa yale makubwa hakuwahi kuhukumiwa, na mama wa Halabja hakusikia hata siku moja hakimu akimwambia yule mtu "wewe ndiye". Haraka ile iliwadhulumu waliokufa na yeye ikamfanya shujaa.

Dini si inasema tusiwaseme wafu vibaya?

Inasema tutaje mema yao. Huulizwa hili kila mara na kila mara na mtu ambaye jana alikuwa anamsema marehemu jirani yake.

Mimi si shekhe, lakini hata madrasa tulifundishwa kuwa kuna haki ya Mungu na haki ya mja. Ya Mungu ni baina yako na Yeye, atakusamehe akitaka. Ya mja haifutwi mpaka mja mwenyewe akusamehe ama umlipe, na kama hukumlipa hapa utamlipa kule. Kwa hivo rais anapopanda jukwaani akasema "taifa limesamehe", huwa najiuliza, limemuuliza nani? Mimi sikupigwa, siwezi kusamehe kipigo cha mwingine. Na kusema kweli ya dhulma ili aliyedhulumiwa alipwe, hiyo haingii kwenye kusengenya wafu. Ukiona nimekosea muulize shekhe wako.

Nyayo House je, waliopata mateso walilipwa?

Jengo liko katikati ya Nairobi, juu ofisi za watu kuchukua pasipoti, chini vile vyumba. Watu walifungiwa humo kwenye giza, maji yanajazwa sakafuni unasimama humo siku kadha, huna nguo. Baada ya Moi kuondoka, 2003, vilifunguliwa watu wakaingia kuviona. Wengi walikwenda kortini na korti ikawapa haki yao, ila kupewa haki na kupewa pesa ni safari mbili, wapo waliokufa wakiwa na hukumu mkononi.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilizunguka nchi, ikapokea maelezo zaidi ya 40,000, ikaja mpaka huku Pwani, ikatoa ripoti Mei 2013. Inataja watu kwa majina, na sura ya ardhi ilileta ugomvi mpaka makamishna watatu wa kutoka nje wakakataa kuitia sahihi vile ilivyobadilishwa. 2015 rais akaomba msamaha Bungeni na kuahidi mfuko wa bilioni 10. Mkiuona huo mfuko mniite.

Majina ya barabara na skuli yaondolewe?

Hapa sina msimamo mmoja. Kiwanja cha ndege cha Mombasa ni cha Moi, barabara yenye pembe za ndovu ni ya Moi, na sidhani kuna mtu akipita pale anafikiri siasa, anafikiri jua.

Katiba ya 2010 ilisema noti na sarafu zisiwe na sura ya mtu. Sarafu mpya zikaja Desemba 2018 na wanyama. Noti zikaja 2019 na picha ya jengo la KICC, na mbele ya jengo nani amekaa? Sanamu ya Mzee Kenyatta. Watu wakaenda kortini wakashindwa, ati hiyo ni picha ya jengo. Siku ya Moi nayo, 10 Oktoba, iliondolewa, korti ikairudisha 2017, ikaitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, sasa inaitwa Mazingira. Wanangu wao wanajua ni siku hakuna skuli.

Lakini ninalolipenda ni la Abdilatif Abdalla, mshairi wetu wa Mombasa. Aliandika kijikaratasi kuuliza Kenya inakwenda wapi, serikali ya Jomo Kenyatta ikamfunga miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Mle ndani akatunga mashairi, akaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakachapwa 1973. Mwaka uliofuata yakashinda tuzo, na tuzo yenyewe inaitwaje? Tuzo ya Jomo Kenyatta. Sasa ukilifuta lile jina utakuwa umefuta na mzaha wote.

Mbona mnasema Waafrika tu, Waingereza walikuwa nini?

Wao hata kura ya mlolongo hawakutupa. Hiyo Manda mnayoshukia ndege, wageni wanapiga picha na boti, wakati wa Hali ya Hatari kulikuwa na kambi ya kuwaweka wafungwa wa siasa. Pio Gama Pinto, yule mpigania uhuru, alikaa huko miaka. Na ngome tunayokaa kivulini mwake ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Mzee mmoja wa pale barazani ameiona ikiwa jela na ameiona ikiwa makumbusho, na husema chai ya jela ilikuwa na sukari zaidi. 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja alipata ngapi.

Watoto wa madikteta wazuiwe kugombea?

La. Dhambi hairithiwi. Ila na wao wasirithi jina wakati wa kampeni kisha wakatae deni baada ya kura.

Ni lazima kuweka picha ya rais dukani?

Swali la duka la ami yangu hili, najua nani ameuliza.

Enzi hizo ulikuwa huulizi, ulikuwa unaweka. Duka la ami lililoko Langoni lina fremu moja ukutani juu ya mizani, mbao nyeusi, kioo. 2013 mchwa waliingia nyuma ikabidi tuishushe. Ami akang'oa misumari kwa koleo, akatoa kipande cha hadibodi, na Kibaki akatoka. Nyuma ya Kibaki, Moi, na ua lake kwenye koti, amegeuka manjano, upande mmoja amegandana na karatasi kwa ule unyevu wa bahari. Nyuma ya Moi, Kenyatta, na mwengo wake, mchwa wamemla bega.

Nikamuuliza, ami, kwani hukuwatoa?

"Fremu nlinunua moja."

Akakata hadibodi mpya, akaifuta kioo kwa gazeti, akamweka Uhuru mbele. Nikadhani wale watatu atawatupa. Akajaribu kufunga, akaitikisa, akafungua tena akawarudisha wote mmoja mmoja nyuma yake, kwa mpangilio ule ule, kisha akagonga misumari. Bila wao, akaniambia, kioo kinacheza.